Kisu Kikubwa cha Kupandia Lori

Juzi nilipita Shimanzi kuwasalimu watu wa godauni letu la zamani, nikamkuta binti mmoja amekaa juu ya turubai anakata kamba kwa zile nyembe za mpini wa plastiki, ambazo ncha ikiisha makali unaivunja na kuitupa. Akanisalimia vizuri, kisha akaniuliza kama ni kweli nilikuwa napanda malori na kisu kikubwa kama ndizi ya kupika mfukoni. Nikamwambia ni kweli. Akataka kujua kwa nini kikubwa hivyo, na nilikichaguaje. Nilikuwa nimesimama, na goti langu siku hizi halipendi kusimama, kwa hiyo nikamjibu nusu. Nusu iliyobaki ni hii, yake na yenu nyote mnaoingia kazi za kamba na maturubai mkidhani kisu ni kisu tu.

Mimi nilikuwa fundi wa maturubai. Nilishuka kutoka Ukambani nikiwa mke mpya, mume wangu akiwa reli, na kwa kuwa nilijua cherehani nikachukuliwa godauni lililokuwa likishona maturubai ya malori. Huko ndiko nilikozeekea, nikiitwa Mama Mutua na kila mtu. Sasa, turubai likitoka kwenye cherehani huwa halijaisha. Lazima mtu apande juu ya shehena, alitandaze, aone lilipozidi na lilipopungua, akate, atoboe matundu ya kamba pembeni, afunge, ashuke. Wenzangu walipenda cherehani kwa sababu kuna kivuli. Mimi nilipenda juu. Ukilala kifudifudi juu ya magunia ya mchele unaona mabati ya Shimanzi yote na kreni za bandari, upepo unakupiga, na nyapara hakufikii. Nyapara wetu, Bwana Kombo, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na ngazi alikuwa haiwezi.

Huko juu kisu cha ala hakifai. Nililiona hilo mapema. Unatambaa kwa tumbo, ala inapinda, ncha inatoboa turubai la mteja au inakutoboa wewe paja. Ukishuka ukaenda nyumbani nacho kiunoni, askari wa kwanza utakayekutana naye atataka mazungumzo marefu. Kwa hiyo kisu cha kupandia ni cha kukunja. Hapo hatukubishana na mtu. Tulichobishania ni kingine: kikubwa au kidogo, na cha namna gani.

Changu cha kwanza kilikuwa kidogo, kinang'aa, na mpini wa rangi nyekundu. Nilikinunua Makupa kwa mchuuzi aliyekuwa ametandaza gunia kando ya barabara, akiuza pia vichana na kufuli. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kizuri. Asubuhi moja nilikuwa juu ya lori nikilegeza fundo la kamba ya katani iliyolowa umande. Fundo likikaza hivyo, unaingiza ncha ya kisu katikati na kusukuma. Nikasukuma. Fundo halikusogea, kisu ndicho kilichosogea. Kikajikunja chenyewe juu ya vidole vyangu kama mlango unaofungwa na upepo.

Sitawasimulia damu. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatwa mshipa wa ndani, ule unaokikunja. Pale hospitali walikishona vizuri, na daktari akaniambia bila kunizungusha kwamba kitapona lakini huenda kisikunjike tena. Alisema kweli. Mpaka leo kimenyooka, nikishika kikombe kinaelekea kwa watu kama kinawashtaki.

Niliporudi kazini na kitambaa mkononi, Bwana Kombo alinivuta kando.

"Mama Mutua, pole sana. Sasa utakaa kwenye cherehani. Kupanda basi."

"Kidonda kitapona, Bwana Kombo."

"Kitapona, lakini kidole si kile. Wewe una watoto. Mimi sitaki kwenda kumwambia mumeo umeanguka."

"Naomba unipe nafasi mkono upone. Nikipona nipime. Nikishindwa nitakaa kwenye cherehani na hutasikia neno langu."

Alikuwa anajua kwamba kwenye cherehani walikuwa wamejaa, na kwamba mtu akishateremshwa, hapandi tena. Akasema, "Haya. Lakini si kwa kile kisu chako cha kukatia maembe."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kisu kwa dhati, kama mtu anavyofikiria kiwanja cha kujenga. Nilikuwa na mkono wa kulia usioweza kufungua kitu na mkono wa kushoto ambao haujawahi kufunzwa chochote. Nikaamua nitafunza wa kushoto. Ila nitaufunza kwa kisu gani?

Mtu akanielekeza Mji wa Kale, kwenye duka la vyombo vya mafundi la Bi Shamsa. Alikuwa mama wa Kiarabu, mjane, wazee wake wamekaa mtaa ule tangu zamani. Duka aliachiwa na mumewe. Wengi walidhani ataligeuza la vitambaa, naye akaliacha vilevile, na misumeno yake na patasi zake, akikaa nyuma ya meza na buibui lake na miwani. Nilipiga hodi.

"Hodi, karibu. Pita ndani, mwanangu."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Bi. Na hapa?"

"Twamshukuru Mungu. Nambie, wataka nini?"

Nikamwambia nataka kisu cha kukunja, kikubwa, chenye nguvu. Hakugusa kisu. Akasema, "Hebu nione mkono." Nikautoa. Akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakisukuma kile kidole taratibu kuona kinafika wapi, kama anapima kitambaa.

"Ulikatwa na kisu kilichojifunga?"

"Ndiyo."

"Basi leo sikuuzii. Leo utashika tu. Ukinunua leo utanunua kwa hasira."

Nilikasirika kidogo, nikiri, maana nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Lakini nilikaa. Akateremsha sinia lililofunikwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, na humo mlikuwa na visu vya kukunja vya kila aina, vingi vikubwa, vya mpini wa mti na vya mpini wa pembe.

Kwanza akanipa kimoja chenye pete mgongoni, kile ambacho ukikifungua kinalia tarararara. Mnakijua. Nikakipenda, kwa sababu kilijikaza barabara. Bi Shamsa akatikisa kichwa.

"Ni kizuri, lakini mlio wake una jina baya. Ukikifungua mahali penye watu, kila mtu ageuka. Wewe wataka kisu cha kazi, hutaki kisu cha kuelezea watu."

Akakirudisha. Akanifundisha kutazama. Fungua kisu mpaka mwisho, kiinue usawa wa jicho dhidi ya mwanga, utazame pale springi ya mgongoni inapokutana na ubapa. Ukiona mwanga unapita, kiweke chini. Kisha shika mpini kwa nguvu, ushike ubapa kwa upande wake usiokata, uutikise kushoto na kulia. Ukicheza dukani, kazini utacheza zaidi. Kisha kifunge nusu uachie. Springi nzuri inakishika pale, haikiachii kidondoke na haikirushi. Na usikilize. Cha kuaminika kinalia mara moja, mlio mfupi, mkavu. Kinachokwaruza kina mchanga au kimetengenezwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Nikamuuliza kuhusu kufuli. Nilikuwa nimeapa sitashika tena kisu kisicho na kitu cha kukizuia kisijifunge. Akanionyesha cha pete ya chuma shingoni, unaizungusha nacho kinabaki wazi, na kingine chenye kufuli mgongoni, unakibonyeza mwisho wa mpini ndipo kinafunga. Nikajaribu cha pete kwa mkono wa kushoto peke yake. Kukifungua niliweza kwa taabu, lakini kuizungusha pete sikuweza. Cha kufuli ya mgongoni kilijikaza chenyewe kilipofika mwisho. Hapo nikajua mlango wangu ni upi, ila vyote vya namna hiyo alivyokuwa navyo vilikuwa vidogo au vilikuwa na ncha kali kama mkuki.

"Ncha ya nini?" akaniuliza.

"Ya kutobolea, Bi."

"Kutoboa kuna msumari wa kutobolea. Kisu chako chakata kamba. Kamba imelalia nini?"

"Turubai."

"Na mara nyingine?"

Nikafikiri. "Mara nyingine mguu wangu mwenyewe."

"Basi tafuta ubapa wa makali yaliyonyooka, na mgongo ulioshuka mbele ukafanya pua butu. Huo wapita chini ya kamba bila kuchoma kilicho chini yake. Mabaharia walikuwa wakivitaka hivyo kwa marehemu. Rudi baada ya Ijumaa nyingine, nitakuwa nimepekua darini."

Nilirudi bila kitu. Nyumbani nilichukua kile kisu chekundu kilichonikata, nikakaa jikoni huku maharage yakichemka, nikakifungua na kukifunga kwa kidole gumba cha kushoto. Mume wangu aliniambia nitupe kile kitu. Nikamwambia kitatupwa kikishanifundisha. Kila jioni nilifanya hivyo. Kidole gumba kikaota sugu. Baadaye nikawa nalowesha mkono kwa maji ya sabuni kwanza, kwa sababu huko juu hakuna siku mkono ni mkavu.

Niliporudi kwa Bi Shamsa alikuwa na visu viwili vimelala mezani juu ya gazeti. Vyote vikubwa, vinajaza kiganja na kubaki. Vyote vina pua butu, makali yaliyonyooka, kufuli mgongoni, mpini wa mti mweusi ulioshikwa kwa pini za shaba. Tofauti yao ilikuwa chuma. Kimoja kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, kinameta. Kingine kilikuwa cha chuma cha kawaida, cheusicheusi, chenye madoa.

"Twaa hiki cheupe," akasema. "Hapa ni pwani. Hata kufuli la mlango lalala, likaamka na kutu."

Nikaomba kipande cha kamba. Akanitolea kamba ya nailoni kuukuu na kinoo. Nikakaa barazani kwake, nikavinoa vyote viwili, nikakata vipande, nikanoa tena, nikakata. Watu walikuwa wakipita wakimwuliza Bi Shamsa kama ameajiri fundi. Cheupe kilikata vizuri mwanzoni, lakini makali yalipokufa yalikuwa magumu kurudi, ningehitaji mchana mzima na kinoo kizuri. Cheusi kilikufa upesi zaidi na kufufuka upesi zaidi, kusugua kidogo tu kikawa wembe. Na tundu lake la ukucha, lile la kukifungulia, lilikuwa refu na la kina, gumba langu la kushoto lilikaa humo bila kuteleza.

"Nakitaka hiki cheusi, Bi."

"Kitashika kutu."

"Nitakipangusa."

"Kila siku?"

"Kila siku, Bi."

"Wengi huniambia hivyo." Lakini alitabasamu, akanifungia pamoja na kichupa cha mafuta ya nazi. Na nilikipangusa. Kila siku ya kazi, kabla sijala, kama mama anavyompangusa mtoto pua. Hilo ni neno langu kwenu kuhusu chuma: chagua kile ambacho udhia wake unaweza kuuvumilia. Kisu kisicho na udhia sijakiona.

Godaunini walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimeacha maturubai naanza kuchinja ngamia. Bwana Kombo hakucheka. Alileta kamba ya katani iliyolala ndani ya ndoo ya maji, akaifunga kwenye nguzo, akaniambia nivae glavu, niweke kisu mfukoni, mkono wa kulia nyuma. "Kata," akasema. Nilikitoa, nikakifungua, nikasikia ule mlio mfupi, nikavuta mara moja kwa nguvu na kamba ikadondoka. Akaichukua, akaitazama mahali ilipokatika, akaiweka chini. "Panda," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Sasa niwaeleze siku ambayo kwa sababu yake sijutii ule usumbufu wote.

Tulikuwa tunafunika lori la sukari lililokuwa linakwenda bara. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja ulikuwa umejaa malori, yanapishana kwa kubana vioo. Mimi nilikuwa juu. Utingo wa lile lori, kijana aliyeitwa Athumani, mcheshi, amesimama kwenye ukingo wa bodi akivuta kamba ya pembeni ili turubai likaze. Ili apate nguvu aliizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono. Nilimwambia, "Athumani, kamba haivaliwi." Akanijibu, "Mama, hii bangili yangu," na akaendelea kuvuta.

Mwisho wa kamba ile ulikuwa unaning'inia chini. Lori jingine likapita nyuma yetu taratibu, na kulabu iliyokuwa ubavuni mwake ikanasa ule mwisho. Hakuna aliyeona. Nilichoona mimi ni kamba kunyooka ghafla na Athumani kurushwa kifua kwenye vyuma vya bodi, mkono umenyooshwa mbele kama anaelekeza njia. Kamba ilikuwa inaingia kwenye nyama. Watu chini walianza kumpigia kelele dereva wa lile lori, naye alikuwa na injini na honi za wenzake masikioni, akazidi kwenda, polepole, bila kujua anamvuta mtu.

Nilijitupa kifudifudi juu ya magunia. Nakumbuka harufu ya sukari iliyolowa. Nakumbuka pia kwamba sikufikiri mkono upi. Wa kushoto ulikuwa umeshafika mfukoni. Kisu kikafunguka. Kamba ilikuwa imekaza mpaka imeshikana na ngozi, hapana nafasi ya kupitisha hata kijiti, na Athumani alikuwa akijitikisa. Niliilaza pua ya kisu juu ya mkono wake, ikateleza chini ya kamba ikapita upande wa pili, nikageuza makali juu nikavuta. Kamba ilikuwa imelowa, haikukatika yote. Nikasukuma kwa uzito wa mwili wangu wote, nikijua kwamba kile kidogo cha kwanza kingekuwa kimeshajifunga kwenye vidole vyangu saa ile. Hiki hakikujifunga. Kamba ikapasuka kwa mlio, ncha yake ikaruka hewani ikampiga mtu kofia, na Athumani akadondoka ubavuni mwangu.

Tulikaa hivyo. Mkono wake ulikuwa umevunjika kifundoni, umevimba, una mfereji mwekundu mzunguko mzima, lakini ulikuwa wake, na vidole vilikuwa vinatikisika. Mahali kisu kilipopita palikuwa na mstari mwembamba mweupe, bila damu.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, kamba ya watu umeikata."

"Nitawanunulia nyingine."

Ndipo akaanza kulia. Mimi nikajaribu kukifunga kisu, nikashindwa. Bwana Kombo, yule yule aliyekuwa haiwezi ngazi, alipanda. Sijui alipandaje. Alinitoa kisu mkononi, akabonyeza kufuli, akakifunga polepole, akanirudishia. Kesho yake alitangaza kwamba mtu yeyote atakayezungusha kamba mkononi katika uwanja wake atakwenda nyumbani, na kwamba kila anayepanda apande na kisu, akionyeshe kwanza kwa Mama Mutua. Nilivikataa vingi. Walinung'unika, nami nikazidi kuvikataa.

Athumani alipona, akarudi barabarani, akawa dereva. Mimi niliendelea kupanda mpaka magoti yaliponishusha yenyewe, na hapo nilikwenda kwenye cherehani bila kuteremshwa na mtu.

Ila Jumamosi iliyofuata baada ya ajali ile nilikwenda Mji wa Kale. Nilimkuta Bi Shamsa anaweka misumari kwenye makopo. Nikamweleza yote, tangu bangili ya Athumani mpaka Bwana Kombo na ngazi. Nilipomaliza, akanyoosha mkono, akasema, "Kilete." Akakifungua, akapitisha ukucha kwenye makali, akapata mahali palipomeguka kidogo, bila shaka kwenye chuma cha bodi. Akachukua kinoo, akakaa, akaanza kukinoa mwenyewe, polepole, mama wa watu na buibui lake. Nikaona miwani yake imepata ukungu.

"Marehemu aliuza visu hapa umri wake wote," akasema, "na mimi naviuza tangu alipokwenda. Vyatoka mlangoni, sijui vyaenda kukata nini. Kikivunjika, mtu arudi kugomba. Kikifaa, harudi. Wewe ndiye wa kwanza kuja kunambia."

Binti yangu wa Shimanzi, nimemaliza. Tazama mwanga kwenye springi, tikisa, sikiliza, lowesha mkono kwa maji kabla hujachagua, na usinunue kwa hasira wala kwa rangi ya mpini. Na siku ambayo chombo chako kitakufaa, chochote kiwe, acha kazi kidogo, panda gari, nenda ukamwambie aliyekuuzia.